Mtaro wa Hananasif: tuliujenga kwa mkataba, tukautunza kwa huruma

Ukishuka kwa miguu kutoka Barabara ya Kawawa kuingia Hananasif, mtaa wa Kinondoni jijini Dar es Salaam, magoti yanahisi kabla macho hayajaona. Ardhi inateremka. Inateremka taratibu, nyumba baada ya nyumba, hadi inapokutana na bonde la mto Msimbazi, na ng'ambo ya bonde ni Upanga. Mvua ikipiga Kinondoni ya juu, maji yake hayana pa kwenda isipokuwa huku.

Nilipanga chumba upande wa chini kwa miaka kadhaa. Nilikuta mtaro mkuu umeshajengwa, na nilikuta pia watu wazima wanaousimulia kama watu wanavyosimulia harusi kubwa iliyowahi kufanyika mtaani: nani alibeba mawe, nani alikataa kusogeza baraza lake, nani alishika daftari. Nimeutazama mtaro huo ukiwa mtupu wakati wa kiangazi na nimeutazama ukifurika. Katika uchambuzi huu nataka kueleza kwa nini kazi iliyofanywa vizuri namna ile na wakazi wenyewe ilikuja kuzibwa na mchanga na mifuko. Jibu ninalo, na nitalisema bila kulizungusha, lakini lina maana tu kwa anayejua mtaro wenyewe ulivyojengwa.

Tuanze na maji, maana watu wengi wanaozungumzia mafuriko ya mjini huwa hawajawahi kuyapigia hesabu. Chukua nyumba moja ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na korido katikati, yenye bati la eneo la mita za mraba 100. Mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu Dar es Salaam wakati wa masika, inamwaga juu ya bati hilo lita 5,000. Hayo ni mapipa 25 ya lita 200, kutoka paa moja. Sasa zidisha kwa mamia ya mapaa yaliyobanana, ongeza vichochoro vilivyokanyagwa hadi vikawa vigumu kama sakafu, ambapo maji hayazami tena. Kila nyumba inamtupia jirani wa chini maji yake pamoja na yale iliyoyapokea kutoka juu. Wa mwisho kabisa anapokea ya wote.

Kabla ya mtaro, kila familia ilijitetea peke yake. Mwenye uwezo alinunua kifusi akainua kiwanja chake. Akajenga kizingiti kirefu mlangoni. Maji yakamkwepa yeye, yakamwingilia jirani ambaye hakuwa na hela ya kifusi. Jirani naye akajikongoja, akainua, na maji yakahamia kwa wa tatu. Hili bado linaendelea katika mitaa mingi ya jiji hili, na ni kisa cha kusikitisha kwa sababu hakuna mwovu ndani yake: kila mmoja anafanya jambo la busara kwa nyumba yake, na jumla ya busara zote hizo ni mafuriko kwa asiye na kitu. Anayeishia chini ya wote mara nyingi ni bibi mwenye nyumba ya zamani, au mpangaji ambaye hana ruhusa ya kuinua chochote.

Na maji hayo hayaji peke yake. Upande wa chini maji ya ardhini yako karibu, shimo la choo halichimbiki kwenda mbali, kwa hiyo linajaa haraka. Gari la kunyonya haliwezi kupita kwenye kichochoro cha upana wa mita moja na nusu. Mvua kubwa inapoanza, kuna watu wanaotoboa shimo ili maji yabebe yaliyomo. Mtaani tunaita kutapisha choo. Wanaolaani tabia hiyo wana haki ya kuilaani, nami naichukia, ila nimekaa kwenye nyumba ambayo choo kimejaa hadi ukingoni na gari halifiki, najua watu wanafikaje pale. Matokeo yake ni kuhara, na kipindupindu. Mlipuko ule wa Agosti 2015, uliosambaa baadaye katika mikoa mingi, ulianzia Dar es Salaam, katika wilaya hii hii ya Kinondoni.

Hivyo basi, miaka ya mwanzo ya 1990, wakazi walipokaa kujadili waanze na nini, mafuriko yalikuwa mbele ya yote. Huo ulikuwa wakati mgumu kwa jiji. Halmashauri haikuwa na fedha za kutengeneza hata barabara zilizokuwepo, sembuse kufungua mpya kwenye makazi yasiyopimwa. Mwaka 1992 ulianza mpango wa Dar es Salaam Endelevu, ulioungwa mkono na Umoja wa Mataifa, ambao ulileta wazo la kuwakalisha wadau mezani badala ya kungoja ramani kuu ya jiji. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji yenyewe ilivunjwa na nafasi yake ikashikwa na Tume ya Jiji hadi 2000, mji ulipogawanywa kuwa manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke. Nataja hayo ili ieleweke kwamba mradi wa Hananasif, uliokwenda kwa awamu mbili kati ya 1994 na 2000, ulianza chini ya mamlaka moja, ukaendelea chini ya nyingine, ukamalizika mamlaka ya tatu ikizaliwa. Kilichodumu muda wote huo ni wakazi na chama chao cha maendeleo.

Fedha na utaalamu vilitoka nje ya mtaa. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilikuwa mhimili wa mradi, pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, na mfuko wa Kimarekani wa Ford Foundation, na baadaye wataalamu wa chuo cha Ardhi, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walishika upande wa kiufundi. Siamini kwamba msaada huo unapunguza sifa ya wakazi. Mtaa wa vibarua na mama lishe haukuwa na namna ya kununua simenti ya mtaro mkuu kwa kuchangishana. Waliochangia fedha taslimu walichangia, na wengi walichangia kwa nguvu, lakini tusijidanganye kwamba makazi kama haya yanajikomboa kwa mchango wa sahani.

Jambo lililoufanya mradi huu kuwa tofauti lilikuwa mkataba.

Kwa kawaida kazi ya mtaro hupewa mkandarasi. Anakuja na mitambo yake, na vibarua wake, anachimba, anaondoka. Wakazi wanatazama kutoka barazani. Zege likipasuka mwaka wa pili hakuna mtaani anayejua mchanganyiko ulikuwa na simenti kiasi gani, maana hakuna aliyekuwa karibu na karai. Njia ya pili tunayoijua sana Watanzania ni msaragambo: mjumbe anapita na filimbi, kila kaya itoe mtu mmoja Jumamosi na jembe. Njia hiyo imejenga madarasa na zahanati nyingi nchini, na ninaiheshimu. Kijijini, ambako msimu wa kilimo una nafasi ndani yake, inabeba. Mjini kwa anayekula kwa kutwa, siku moja ya kujitolea ni siku moja ya kulala na njaa. Mwenye mshahara wa mwezi anaweza kumtuma kijana wa kazi akamchimbie. Anayeuza vitumbua hana wa kumtuma. Kwa hiyo msaragambo wa mjini, ukiutazama vizuri, unamtoza maskini kuliko mwenye nacho, na ndiyo maana huanza na watu sitini na kuishia na watu saba.

Hananasif walifuata njia ya tatu. Chama cha wakazi ndicho kilichokuwa mkandarasi. Kilisaini mkataba wa kazi, kipande kwa kipande, wenye vipimo na bei. Wataalamu walichora na kupima. Chama kiliajiri wakazi wenyewe, wanaume kwa wanawake, kikasimamia kazi kwa sururu, chepeo na toroli, na malipo yalitoka kulingana na kazi iliyopimwa. Anayefahamu utaratibu wa force akaunti unaotumika leo kujenga madarasa ataona undugu, lakini kuna tofauti kubwa. Kwenye force akaunti mwenye kazi bado ni serikali, mafundi wa mtaa wameajiriwa tu. Hapa wakazi walikuwa na sahihi yao kwenye karatasi, wakiwa na deni la kukamilisha na haki ya kudai.

Faida ya kwanza ni ujira uliobaki mtaani. Hela iliyolipwa kwa kuchimba ilinunua unga kwenye duka la mtaa huo huo. Faida ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni kwamba watu walijua bei. Mtu aliyelipwa kwa mita anajua mita moja ya mtaro wa zege ina thamani gani. Anajua simenti iliyotumika. Huwezi kumdanganya tena. Wazee niliowakuta bado waliweza kukueleza kwa vidole jinsi kipande fulani kilivyochimbwa mara mbili kwa sababu mteremko ulikosewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na pale daftari lilikuwepo, na lilisomwa mbele ya watu.

Kazi ya mtaro ina sheria moja isiyokubali mjadala: unaanzia chini. Ukianza juu kwa sababu mwenyekiti anaishi juu, unakuwa umetengeneza bomba la kumtupia maji mtu wa chini kwa kasi mpya. Unaanza kwenye mdomo, pale maji yanapotoka kwenda bondeni, kisha unapanda. Hii ina maana kwamba wanaonufaika kwanza ni wale ambao kawaida huwa wa mwisho. Nimeshuhudia mitaa mingine ikivunja sheria hii. Barabara inafunguliwa juu, inashindiliwa vizuri, inapendeza, na masika yanapofika inageuka mto unaoingia milangoni mwa watu wa chini ambao hata mkutanoni hawakuitwa.

Kisha kulikuwa na suala la nyumba. Katika makazi yaliyojengwa bila ramani hakuna ukanda ulioachwa kwa ajili ya mtaro. Palipo na nafasi ya maji kupita pana choo cha mtu, au jiko, au baraza la saruji alilojenga marehemu baba. Mhandisi angependa mstari mnyoofu. Mtaa unapenda nyumba zibaki. Ukitembea kando ya mitaro ya sehemu hizi utaona kona ambazo hakuna mhandisi angezichora kwa hiari yake, na kila kona ni makubaliano: hapa mtu alitoa nusu mita, hapa mwingine hakutoa, mtaro ukazunguka. Kona hizo zina gharama yake. Maji yakipinda yanapunguza kasi, na yanapopunguza kasi yanatua mchanga. Ukitaka kujua mahali mtaro utakapoziba kwanza, tafuta kona. Hata hivyo mimi nisingezinyoosha. Mtaro wenye kona ambao hakuna aliyebomolewa nyumba kwa ajili yake una watetezi kila upande. Mtaro mnyoofu uliopita juu ya choo cha mjane una adui wa kudumu.

Kazi ilipokamilika, mambo yalibadilika kweli. Maji yalipata njia. Barabara za ndani zikapitika, gari la mgonjwa na gari la kunyonya choo yakafika mahali ambapo zamani mtu alibebwa mgongoni. Maji ya kunywa yakaanza kuuzwa kwenye vioski. Watu waliokuwa wameziacha nyumba zao zichakae wakaanza kuzikarabati, wakaongeza vyumba, wakatoboa ukuta wa mbele kuweka fremu za biashara.

Na kodi za vyumba zikapanda.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kisa kinapopoteza uzuri wake na ndipo watu wengi wanapopapita haraka. Hananasif ni mtaa wa wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kukaa na familia yake kwenye vyumba viwili na kupangisha vinne, au asikae kabisa pale. Kodi Dar es Salaam kwa kawaida hailipwi kwa mwezi, inadaiwa kwa mkupuo, mara nyingi wa miezi sita au mwaka. Chumba kikipanda kidogo tu, mpangaji hatafuti nyongeza hiyo ndogo, anatafuta mara sita yake, au mara kumi na mbili, mkononi, siku moja. Asipoipata anahama. Anahama kwenda wapi? Mahali palipo na kodi ya chini, yaani mahali ambapo bado panafurika. Kuna watu waliochimba mtaro ule kwa mikono yao, wakaondoka mtaani kwa sababu mtaro uliufanya mtaa uwe mzuri.

Simlaumu mwenye nyumba aliyepandisha. Nyumba yake ndiyo pensheni yake, na wengi wao ni wajane na wastaafu. Ninachodai ni kwamba jambo hili lilitabirika, na lingeweza kuwekwa kwenye mazungumzo mapema kama vile simenti ilivyowekwa. Tatizo ni kwamba mikutano ya maendeleo ya mtaa huwa ni mikutano ya wenye nyumba. Mpangaji haitwi, au anaitwa kwa kazi ya kubeba. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Maneno hayo ni kweli tupu katika kamati za mitaro.

Sasa tufike kwenye mchanga.

Mtaro unaojengwa kwenye mteremko wenye mchanga hauwezi kukaa bila kuzolewa. Kila mvua inashusha kiasi. Juu ya mchanga inatua mifuko, chupa, maganda ya nazi, nepi, matambara. Vikishikana na mchanga vinakuwa tofali. Mradi uliliona hilo: chama kiliachiwa jukumu la matunzo, na kulikuwa na mapato ya kulibeba, kama yale ya maji ya vioski. Kwa upande wa taka, vikundi vya wakazi, vikiwemo vya akina mama, vilianza kuzoa nyumba kwa nyumba kwa ada. Lakini miaka inapita. Viongozi wa mwanzo wanazeeka, wengine wanafariki, waliokuja hawajawahi kusaini mkataba wowote. Mapato yanapungua. Na hapo matunzo yakarudi kwenye ile njia ambayo ujenzi ulikuwa umeikwepa kwa makusudi, yaani kujitolea.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Tulijenga kwa mkataba tukautunza kwa huruma. Mtu aliyelipwa kwa mita kuchimba, tulimwomba azibue bure. Yule aliyekataliwa nafasi kwenye mkutano kwa sababu ni mpangaji, ndiye tuliyemkuta nyumbani Jumamosi asubuhi na kumpa chepeo, wakati mwenye nyumba anayefaidi kodi mpya anaishi mbali, huko Mbezi.

Najua tuna siku ya usafi. Tangu sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 zilipogeuzwa kuwa siku ya kufanya usafi nchi nzima, Jumamosi ya mwisho wa mwezi imekuwa siku ya kutoka na mafagio. Nimeshiriki mara nyingi na nitaendelea. Lakini tazama kinachotokea mtaroni siku hiyo. Watu wanaingia, wanazoa mchanga na uchafu, wanaurundika kando ya mtaro, pembeni kabisa ya ukingo. Saa nne kazi imekwisha, watu wanapiga picha, wanatawanyika. Rundo linabaki. Hakuna aliyepanga guta la kulibeba, kwa sababu guta linataka hela na siku ya kujitolea haina bajeti. Jumanne mvua inanyesha, na rundo lote linarudi lilikotoka. Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na kila mara nimewasikia watu wakihitimisha kwamba wakazi hawana ustaarabu. Wakazi walifanya kazi yao. Kilichokosekana ni elfu kadhaa za guta.

Kuna ugumu mwingine ulioongezeka baadaye. Tangu TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipoanzishwa mwaka 2017, barabara za mijini pamoja na mitaro yake ziko chini yake. Taka ziko chini ya manispaa. Majitaka ni ya DAWASA, mamlaka ya majisafi na majitaka. Mtaro mmoja wa mtaani unabeba vyote vitatu kwa pamoja: maji ya mvua, taka, na kile kilichotapishwa usiku. Mwenyekiti wa mtaa akitaka kuuzibua anapaswa kujua tatizo la siku hiyo ni la ofisi gani. Mimi nafikiri hii inatoa sababu zaidi ya kuwa na mkataba mdogo ulioandikwa mtaani wenyewe, unaosema nani anafanya nini kwa kipimo gani, kabla ya kwenda kwenye ofisi yoyote.

Na lazima niseme mpaka wa mtaro wenyewe. Mtaro unamaliza maji ya mtaani, haumalizi mto. Msimbazi ukijaa, mdomo wa mtaro unazama na maji yanarudi nyuma, yanapanda mtaroni kuja kwa watu. Desemba 2011 mvua kubwa iliua zaidi ya watu 40 jijini na serikali ikawahamishia Mabwepande, pembezoni mwa jiji, waathirika wa mabondeni. Desemba 2015 tingatinga zilishuka bonde la Mkwajuni, hatua chache kutoka hapa, zikabomoa nyumba zilizokuwa ndani ya bonde. Mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unashughulika na mto na daraja la Jangwani. Hayo ni ya ngazi nyingine. Hakuna chama cha mtaa kinachoweza kuuzuia mto kwa sururu, na anayewaambia wakazi kwamba wakishikamana hawatafurika tena anawadanganya watu wa bondeni.

Kinachobaki mikononi mwetu ni mchanga, kona na guta. Kwa hiyo nieleze tulichojaribu kwenye kichochoro tunachokaa sasa, ambacho hakina mradi wala mfadhili.

Nyumba ni 7. Kuna mtaro mdogo wa pembeni, wa mita 80 hivi, unaoshuka kuungana na mkubwa. Mara mbili tulijaribu kujitolea, mara mbili rundo likarudi. Mwaka jana, tukiwa wapangaji watatu na mama mmoja mwenye nyumba, tulipendekeza jambo tofauti: kila mwenye nyumba atoe shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila chumba anachopangisha. Hatukusema kwa kila nyumba, kwa sababu nyumba ya bibi anayekaa na wajukuu bila mpangaji haifanani na nyumba yenye wapangaji sita. Vyumba vya kupangisha vilikuwa 31. Wenye nyumba wawili waligoma mwanzoni, mmoja akisema mtaro ni wa serikali. Mama yule aliwauliza swali moja tu, kwamba wakati wa kutangaza chumba huwa wanamwambia mpangaji kwamba hapa hapafuriki au hawamwambii. Mmoja alikubali siku ile ile. Mwingine alikubali baada ya maji kuingia kwake.

Daftari linashikwa na mpangaji, kwa makusudi. Linasainiwa na mwenye nyumba mmoja na mjumbe anapewa nakala. Kazi tuliigawa kwa vipande vya mita 10, na bei ya kipande iliandikwa kabla kijana hajaingia mtaroni. Malipo yanatoka kipande kikiwa kimepimwa kina, na mchanga ukiwa umeondoka kichochoroni kabisa. Ukiwa bado umerundikwa ukingoni, hakuna malipo. Hicho kifungu kimoja kimefanya kazi kuliko hotuba zote. Vijana wenyewe ndio waliotafuta pa kuupeleka: jirani anayejenga alihitaji kifusi cha kujazia, akatoa guta lake. Kwenye kona mbili zinazoziba kila mara tuliweka nondo za kunasa mifuko, zizolewe kila wiki. Tunazoa kikamilifu mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Tumeshapita vuli moja na masika moja. Masika yale maji yalifika kwenye kizingiti cha nyumba ya mwisho, hayakuingia.

Hatujamaliza la kodi. Tulipoandika makubaliano tuliweka mstari kwamba mwenye nyumba hatapandisha kodi kwa kisingizio cha mtaro ndani ya miaka miwili. Wanne walisaini. Watatu walisema fedha ya mtaro watatoa, mstari huo hapana. Tuliuacha ukiwa na sahihi nne. Sidhani mahakama yoyote ingeuheshimu, lakini hadi leo wanne wale hawajapandisha.

Kilichobaki kigumu ni kichochoro cha juu yetu. Nyumba 11, mtaro wao umejaa hadi juu, na kila mvua wanatushushia mchanga ambao sisi tunalipia kuuzoa. Tumewaomba kikao, wameahirisha mara mbili, sasa wamekubali Jumapili ijayo baada ya alasiri, barazani kwa mjumbe wao. Tutakwenda na daftari, na hesabu ya kipande cha mita 10. Tumeomba pia wapangaji wao waitwe, na mjumbe amesema atapita mwenyewe kugonga mlango wa kila chumba.